Futi Kumi na Nane Juu ya Barabara

Ninaanza na jambo ambalo bado linaniudhi. Juma lililopita nilipita kwa miguu barabara kuu ya Biharamulo, kutoka upande wa hospitali hadi stendi, nikaona vitambaa vitano vya matangazo vimefungwa kukatisha barabara. Kimoja kilitangaza mkutano wa injili uliokwisha kabla ya masika. Kingine kilifungwa upande mmoja kwenye nguzo ya umeme na upande wa pili kwenye nondo za dirisha la duka, kikalegea kiasi kwamba dereva wa lori la ng'ombe alilazimika kusimama, na utingo wake akapanda juu kukiinua kwa fimbo. Nilikwenda ofisi ya wilaya kuuliza ni nani aliyetoa kibali. Kijana aliyekuwa zamu aliniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akaniuliza, "Mzee, kwani kuna kanuni ya vitambaa?"

Kanuni ilikuwepo. Niliisimamia mimi, nikiwa afisa wa ofisi ya wilaya, katika miaka ya vijiji vya ujamaa na ile ya vita ya Kagera na baada yake. Anayetaka kutundika kitambaa juu ya barabara alileta barua siku kumi na nne kabla. Alisimamisha nguzo mbili zake mwenyewe, wala hakufunga kamba kwenye mti wala kwenye ukuta wa mtu. Alikata matundu ya nusu mwezi ili upepo upite. Chini ya kitambaa ilitakiwa ibaki nafasi isiyopungua futi kumi na nane, kwa kuwa malori ya pamba yalipita yamepakia hadi juu, na kipimo kilichukuliwa katikati, pale kitambaa kinapolegea zaidi. Shughuli ikiisha, kitambaa kiliteremshwa ndani ya siku tatu. Na kikionekana kimeshuka chini ya kipimo, afisa msimamizi aliamuru kikazwe au kiteremshwe papo hapo. Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo: kikazwe au kiteremshwe.

Naandika haya kwa sababu katika mji huu kuna usemi kwamba niliwahi kumnyima marehemu sanda. Nimeusikia kwenye misiba, na nimeusikia kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Sikumnyima mtu sanda. Nitaeleza lililotokea kwa mpangilio wake.

Vita ilipokwisha tuliarifiwa kwamba kundi la wanajeshi wetu litarudi kwa malori kutoka upande wa Bukoba na kupita Biharamulo. Chama kikaagiza wapokewe kwa heshima. Ofisi ikaombwa itayarishe kitambaa cha makaribisho. Tatizo lilikuwa nguo. Wenye umri wangu wanajua hali ilivyokuwa: duka la kijiji lilikaa miezi bila hata kipande cha marekani, na watu wa Runazi walikuja mjini wamejifunga magunia. Tukakubaliana kwamba nyumba za watumishi zitoe mashuka meupe. Yalipatikana matatu. La kwanza lilitoka kwa bwana afya, la tatu kwa mwalimu mmoja. La katikati lilitoka kwa tarishi wetu.

Tarishi huyo alikuwa Mhangaza wa Bugarama, amenizidi umri kwa miaka kama ishirini. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitika, "Marahaba, Ndugu Afisa," kwa namna ambayo heshima ilikwenda pande zote mbili. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa ngazi. Vitambaa vyote vya mji vilipandishwa na kuteremshwa kwa mikono yake, maana hakuna mwingine aliyeijua ile ngazi, ambayo vidato vyake viwili vilikuwa vibovu na yeye peke yake alijua ni vipi.

Mashuka yalishonwa kwenye baraza ya ofisi, na mke wa tarishi alikuwa miongoni mwa washonaji. Herufi ziliandikwa kwa masizi yaliyokorogwa na uji wa muhogo, ili kitambaa kikifuliwa kitumike tena. Shuka la kwanza likaandikwa KARIBUNI, la katikati NYUMBANI, la mwisho MASHUJAA. Mimi mwenyewe nilikuwa na mkasi, nikipima mahali pa matundu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia nilipofika kwenye shuka lake.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeushika huo mkasi kama unakwenda kumnyoa mtu? Matundu ya nini?"

"Ya upepo, mama. Bila matundu upepo utaondoka na kitambaa na nguzo zake."

"Na huko niendako nalo mimi, upepo upo?"

Wanawake wakacheka. Mumewe, aliyekuwa anasokota kamba ya katani pembeni, akasema, "Huyu hata kaburini anataka aingie amependeza kunishinda."

"Wewe tutakuzika na kaptura yako ya serikali," mkewe akamjibu. "Si ndiyo unayoipenda?"

Wakacheka tena, naye akacheka mpaka sindano ikamchoma. Kisha akanitazama bila kucheka. Shuka lile alilinunua miaka mingi nyuma, akalikunja na kuliweka sandukuni kwa ajili ya siku ya kuzikwa kwake. Kwao wazee walizikwa kwa mikeka. Yeye alikuwa amebatizwa ukubwani na alitaka kwenda kwa shuka jeupe. Aliniambia hayo mbele ya wote.

"Nimelitoa kwa sababu mmesema kila nyumba itoe. Wanajeshi wakishapita, nirudishiwe."

"Litarudi, mama," nilisema. "Nimekuandika." Nikamwonyesha mstari wake katika orodha ya waliotoa: shuka moja, jeupe, jipya, la kurudishwa.

Nikakata matundu manne.

Kitambaa kikapandishwa kwenye nguzo mbili za mkaratusi, karibu na njia panda, futi kumi na nane na nusu. Nilipima kwa mwanzi wangu ambao alama zake zilichomwa kwa chuma cha moto. Katibu wa Chama alikuja kukagua, akafurahi, akatoa agizo kwamba kitambaa kisiguswe na mtu yeyote mpaka wanajeshi wapite. Tukangoja. Watoto wa shule walipangwa barabarani na vitawi vyao asubuhi mbili, wakarudishwa darasani. Juma la kwanza likapita, na la pili, na la tatu. Kila Alhamisi nilikwenda na mwanzi, nikapima, nikaandika kipimo katika daftari la barabara.

Alhamisi ya nne tarishi hakuwa mlangoni nilipofika. Alikuja saa mbili na nusu, akavua kofia. Mkewe alikuwa amelazwa siku tano kwa homa. Nilikuwa nimekwenda kumwona mara moja, akanitania kwamba wanajeshi wangu wanatembea kwa magoti. Sasa tarishi alisema, "Ndugu Afisa, mama amefariki alfajiri."

Nilimpa pole. Aliketi, akasema, "Nimekuja kwa habari ya shuka."

"Ndiyo," nilisema.

"Tunamzika leo jioni, kule tunakokaa, Nyarubungo. Hatuwezi kumlaza mpaka kesho, unajua hali. Watu wa kanisa wameniuliza atavikwa nini. Nimewaambia shuka lake lipo."

Nilimweleza hali ya mambo. Kibali cha kitambaa kile kilikuwa na sahihi ya mkuu wa ofisi, na mkuu alikuwa amekwenda Bukoba kwa ajili ya mapokezi hayohayo. Agizo la Katibu lilikuwa wazi, naye Katibu alikuwa amefuatana na mkuu. Nilisema nitaandika barua wakati huohuo kuomba ruhusa, na niliiandika, akiwa ameketi mbele yangu. Nakala ninayo. Inasema kwamba shuka la katikati linaombwa na mwenyewe kwa ajili ya maziko ya mkewe, na kwamba pengo linaweza kuzibwa kwa kuunganisha mashuka mawili yaliyobaki. Nikaikabidhi kwa dereva wa lori la posta aliyekuwa anaondoka. Sijui barua hiyo ingewezaje kufika Bukoba na kurudi kabla ya jioni. Nililijua hilo nilipokuwa naandika.

Ipo pia habari ya redio ya polisi. Wanaonisema husahau redio, kwa hiyo naitaja mimi. Ningeweza kwenda kituoni na kuomba waite Bukoba. Redio hiyo ilitengwa kwa shughuli za vita. Niliona kwamba maziko ya mke wa tarishi si shughuli ya vita, nami sikwenda.

Tarishi alitazama mwanzi uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Leo ni Alhamisi," akasema. "Hupimi?"

"Nitapima."

"Kamba zile ni za katani. Juzi zimelowa, jana zimekauka, sasa zimelegea. Mimi ndiye niliyezisokota, nazijua." Akasubiri. "Kitambaa kikishuka chini ya futi kumi na nane, kanuni inasemaje, Ndugu Afisa?"

Aliijua kanuni kama mimi. Alikuwa amenisikia nikiwasomea watu kwa miaka saba.

"Twende tukapime," nilisema.

Tulikwenda wote wawili. Barabara ilikuwa tupu, ila mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo karibu na nguzo. Nilisimama katikati, nikasimamisha mwanzi, nikaangalia juu. Kitambaa kilikuwa kimelegea hasa pale katikati, chini ya shuka lake. Futi kumi na saba na nusu. Nilipima mara ya pili, kama ilivyo desturi yangu. Futi kumi na saba na nusu.

"Kimeshuka," tarishi akasema.

"Kimeshuka."

Yule mama wa mihogo, ambaye hakujua lolote, akatuuliza kwa sauti, "Wazee, hao wanajeshi wanakuja leo au mnatuchezea? Mihogo yangu inaoza kwa kuwasubiri!"

Nilifungua daftari. Nimejitahidi mara nyingi kukumbuka nilichokihisi wakati huo, na sikipati. Nakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu. Nakumbuka niliwaza kwamba nikikiteremsha siku hiyo, kwa ombi la mtu wangu wa ofisini, na malori yakatokea saa nane, nitaulizwa kwa nini sikuchagua lile neno la kwanza la kanuni wakati kamba zilikuwa nzima. Kamba zilikuwa nzima, hilo ni kweli. Niliandika kipimo, na mbele yake nikaandika neno moja: kikazwe.

Tarishi alisoma neno hilo juu ya bega langu. Akaenda kuleta ngazi.

Baadaye watu waliuliza kwa nini nilimwacha yeye apande. Sikumwamuru. Nilimwambia aende akashughulikie msiba, nami nitatafuta mtu. Akasema, "Nani mwingine anaijua ngazi hii?" Akapanda nguzo ya kwanza, akafungua fundo, akavuta, akafunga. Akahamisha ngazi, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Alipokuwa anavuta, shuka la katikati lilinyooka na mikunjo ikaisha. Nikapima tena. Futi kumi na nane na inchi tatu. Akashuka, akavaa kofia yake, akaenda hospitali.

Mkewe alizikwa saa kumi jioni. Alivikwa magunia mawili ya mahindi, yaliyofuliwa, yakafumuliwa na kushonwa upya na wanawake walewale waliokuwa wameshona kitambaa barazani, na juu yake likawekwa tandiko la mkeka. Nilihudhuria. Nilirusha udongo. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole, "Ndugu, lile shuka lilikuwaje?" nami nikasema kwamba barua imekwisha kwenda.

Jibu lilifika Jumatatu. Lilikuwa la mistari miwili: hakuna kizuizi, shuka apewe mwenyewe. Katika bahasha hiyohiyo ilikuwepo taarifa nyingine, kwamba wanajeshi waliotarajiwa walikuwa wamepandishwa meli Bukoba na kuvushwa ziwa hadi Mwanza. Hawakupita Biharamulo. Taarifa ilionyesha kwamba walivuka Jumatano, siku moja kabla ya mimi kupima.

Tarishi alikiteremsha kitambaa siku hiyohiyo. Nikafumua mshono mimi mwenyewe, nikalitoa shuka la katikati, nikalikunja na kumpa, na katika orodha nikaandika kwamba limerudishwa. Alilipokea kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi alikuja nalo ofisini. Lilikuwa limefuliwa, ila neno lilibaki kwa mbali, kijivu, kwa sababu masizi hayatoki yote.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, Ndugu Afisa." Akaliweka mezani pangu. "Liwekwe stoo. Sikukuu zinakuja na nguo bado hakuna."

"Mzee, hili ni lako."

"Lilikuwa la mama. Mimi nina kaptura ya serikali." Hakucheka. "Bado ni zima. Ni matundu manne tu."

Nililiingiza stoo. Kwa kuwa orodha ilikuwa imefungwa, nilifungua mstari mpya. Likaunganishwa tena na yale mawili, na katika miaka iliyofuata lilitundikwa kwa sikukuu za taifa, kwa wageni wa mkoa, kwa wiki ya kilimo. Vibali vyote vina sahihi yangu, na vitambaa vyote vilipandishwa naye mpaka alipostaafu. Mashuka yale hayakubadilishwa mpangilio. La bwana afya lilibaki upande mmoja, la mwalimu upande mwingine. Kipimo huchukuliwa katikati. Kila Alhamisi nilisimama chini ya shuka lile na mwanzi wangu, naye akiwa ameshika ngazi akingoja niseme. Nikaangalia juu, nikasoma alama, nikaandika.