Mpini wa Randa ya Walubengo

Baba yangu mdogo, Khaemba, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita karibu na chuma kilichotupwa. Kazi alikuwa nayo, kwa fundi wa samani karibu na stesheni ya Kitale, lakini moyo wake ulikuwa majalalani. Jumamosi mchana, wenzake wakienda kuoga, yeye alikuwa nyuma ya maduka akipekua marundo: randa zilizoliwa na mchwa, misumeno iliyong'oka meno, patasi ambazo walowezi walifungulia makopo ya rangi. Mnada ukitangazwa katika shamba la mzungu aliyefariki au aliyerudi kwao, alitembea hata maili kumi na tano, akarudi na gunia begani akicheka peke yake.

Na vyombo hivyo alijua kuvifufua. Nisimnyime sifa, ingawa kwa miaka kadhaa sikutaka hata kumwona. Aliviloweka katika mafuta ya taa, akavisugua kwa jivu na mchanga laini, akavinoa mpaka vikanyoa nywele za mkono. Alichochukia ni alama ya mwenyewe wa kwanza. Jasho lililokauka kwenye mbao, jina lililogongwa ubavuni, bonde lililochimbwa na dole gumba la mtu asiyemjua, vyote aliviondoa. Randa ya miaka arobaini ikitoka mikononi mwake, ungeapa haijawahi kushikwa na mtu.

Kaka yake, Walubengo, ndiye baba yangu. Wote wawili walijifunza useremala pamoja, kwenye karakana ya misheni karibu na Kibabii. Huko msumeno ulimkata baba kidole cha kati cha mkono wa kulia, ukakiacha nusu. Alichonga kishimo katika mpini wa randa yake, mahali pa kile kibutu, na tangu siku hiyo aliishika vizuri kuliko wenye vidole kumi. Mwaka wa 1938 alibeba randa hiyo akaenda kujenga ghala la mahindi katika shamba moja huko Kwanza, nje ya Kitale. Mimi nilikuwa na miaka minne. Hakurudi. Mwenye shamba alituma habari kwa chifu kwamba fundi ametoroka kazi.

Ametoroka! Mtu aliyeacha mke, mtoto, na nyumba isiyo na mlango. Mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Mama yangu, Nakhungu, hakuwa mke wala mjane. Hakunyolewa kichwa kama mjane, hakulia, hakuolewa tena. Kwetu, anayefia mbali huzikwa kwa mgomba: shina la ndizi hulazwa kaburini mahali pa mwili, watu wakalia, mambo yakaisha. Lakini nani angethubutu kumzika mtoto wa Agneta kabla Agneta mwenyewe hajakubali? Huyo alikuwa bibi yangu, Kukhu Agneta, na macho yake yalikuwa yamezimika zamani. "Nileteeni kitu yake nishike," alisema kila walipomshauri. "Bila hiyo, mtoto wangu ako hai."

Basi tukangoja miaka tisa.

Mwaka wa 1947 Khaemba alinunua randa ya mbao kwa Yakub, mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyekaa karibu na msikiti wa Kitale. Ilikuwa na hali mbaya. Kisu chake kilikuwa kimeshikamana na mbao kwa kutu, na mpini ulikuwa umepasuka, umefungwa waya na kuwa mweusi kwa uchafu. Alimwaga mafuta ya taa penye kutu akaiacha ilegee wiki nzima. Kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, siku zile za kungoja alishughulikia nje. Alilainisha mbavu. Aling'oa ule mpini wa zamani, akachonga mwingine wa mzeituni wa mwituni. Ule wa zamani aliutia motoni akachemshia chai. Alinisimulia mwenyewe, baadaye sana, kwamba aliuona ukiwa na tundu upande mmoja, na akafikiri ni panya.

Siku ya nane kisu kililegea. Chini yake kulikuwa na kijibati kilichokunjwa mara tatu, cha kuzuia kisu kisitetemeke. Ujanja huo waliubuni wao wawili, yeye na kaka yake, kule karakana, wakamficha mwalimu wao. Hakuna mtu wa tatu aliyekunja bati namna ile. Khaemba alikaa chini. Majivu ya mpini bado yalikuwa jikoni, na aliyapekua kwa vidole mpaka yakamchafua hadi kwenye viwiko, asipate hata kipande.

Alikimbia kwa Yakub.

"Hii randa ya ndugu yangu ulitoa wapi?"

"Fundi, mimi nanunua kwa gunia," Yakub alimjibu. "Shamba hii, shamba ile. Chuma ni chuma, bana. Ningejua ni ya nduguyo, wallahi ningekuwekea ile gunia yote."

Khaemba akaenda upande wa Kwanza, shamba kwa shamba. La kwanza alifukuzwa na mbwa. La pili mnyapara mmoja, Gichuki, alimwambia kuna fundi aliyewahi kuangukiwa na mihimili ya ghala, lakini yeye alikuja baadaye, jina hajui, kaburi hajui. La tatu walimshika kwa kuzurura bila barua ya ruhusa, akalala korokoroni siku tano. Alipotoka alikuja nyumbani na randa chini ya kwapa.

Kukhu aliipokea kwa mikono miwili. Sisi wote tulikuwa tumesimama. Vidole vyake vilitembea mbavuni, vikafika kwenye mpini, vikasimama.

"Hii ni ya duka," alisema.

"Ni ya Walubengo, mayi," Khaemba alimwambia mama yake. "Ile bati yetu iko chini ya kisu. Mpini nilibadilisha."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Nilichoma."

"Ulichoma." Aliirudisha randa mikononi mwa mwanawe. "Khaemba, unataka nizike mtoto wangu juu ya bati?"

Mama yangu alitoka nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikamchukia baba mdogo kwa moyo wangu wote. Miaka tisa tulitafuta kitu kimoja cha baba, na mtu mwenye mikono ya dhahabu alikuwa amekichemshia chai.

Khaemba alirudi Kitale, akaanza kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani, kuzeesha kitu kipya. Alichonga mpini mwingine, akachimba kishimo kama alivyokikumbuka. Lakini kishimo cha patasi kina kingo, na mtu yeyote anayejua kwa vidole angezigundua. Kingo za namna ile huondolewa na mkono tu. Kwa hiyo alikunja kidole chake cha kati, akakibana kwa kitambaa, akapiga randa hivyo kutwa nzima, kifundo kikisaga ndani ya kile kishimo. Alipiga randa hivyo miezi mitano. Fundi mkuu wake alidhani ameingiwa na wazimu. Kisha aliutundika mpini juu ya moshi, akaupasua kidogo, akaufunga waya.

Alikuja baada ya mavuno. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Kukhu alikuwa ameketi uani anaota jua, nami nilikuwa ninapukuchua mahindi karibu yake. Khaemba alimwekea randa mapajani.

"Mayi, nilipata mpini."

Alipapasa. Kidole chake kiliingia kwenye kishimo, kikazunguka humo, taratibu. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Nipe mkono," alisema.

"Gani?"

"Ya kulia."

Akaiacha randa, akaushika mkono wa mwanawe, akavifungua vidole kimoja kimoja. Cha kati kilikataa kunyooka. Juu ya kifundo palikuwa na sugu ngumu kama kwato. Aliisugua kwa muda mrefu.

"Umefanya hii kazi muda gani?"

"Miezi tano, mayi."

"Hii mpini si ya Walubengo."

Khaemba aliinamisha kichwa. "Si yake."

Nilingoja ampige na hiyo randa. Kwa kweli nilitaka ampige. Lakini Kukhu hakuuachia ule mkono. Aliuvuta mpaka shavuni kwake.

"Mtu hawezi kujilemaza hivi juu ya ndugu ambaye ako hai," alisema. "Basi amekufa. Mtoto wangu amekufa."

Akafungua kinywa, na kilio cha miaka tisa kikatoka. Majirani walisikia hadi ng'ambo ya mto. Mama yangu aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka jikoni akifungua kitambaa chake cha kichwa. Hakumuuliza mtu yeyote aliyekufa ni nani.