Mtori na Dawa ya Mibuni

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza huko Masama, jirani alikuja kunipongeza, akanikataza mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopikiwa mzazi ili apate maziwa.

"Ndizi zinazoota katikati ya mibuni zimeingia sumu ya dawa yake. Kuna mzazi amekufa kule Shirimatunda."

Sikuogopa. Tangu nijifungue nilikuwa kama nimekufa ganzi, na kukataa chakula kulikuwa rahisi kuliko kula. Siku ya pili maziwa yalipungua, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mama mkwe akanywa mtori mbele yangu, kama mwenyeji anavyoonja pombe ya mbege kabla ya kumpa mgeni. "Haya, sijafa. Au unasubiri nianguke?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kuonja kwake kulikuwa upendo, lakini sumu nyingine huchelewa. Jirani aliporudi nikamuuliza huyo marehemu ni nani. Akasema hamjui, alisikia kwa muuzaji sokoni, na muuzaji naye alisikia kwa mtu. Nikamgeukia mama mkwe: mibuni ilipigwa dawa lini?

"Dawa ipi, mwanangu? Tangu ianze kuuzwa madukani kwa bei ile, nani hapa ameigusa? Huoni mibuni inavyokauka?"

Maswali yalikuwa mawili tu, na hata mtu aliyechoka kama mimi aliweza kuyauliza. Nililimaliza bakuli la mtori bila kusikia ladha. Kesho yake mtoto alinyonya akashiba, nami nikamtazama, bado sihisi kitu.