Siku Nilipojifanya Ninajua Jina la Kitabu cha Mukwe Wangu

Rafiki yangu, weye ninakuambia sababu najua ukicheka utacheka ndani ya nyumba yako, hautanichekea njiani. Haya niliyoipata siku ile ingali inanifuata, hata sasa nikipita mbele ya kanisa na kitunga changu kichwani kuna wamama wanajifunika mudomo na kikwembe, nami najua wanakumbuka nini. Bora nikusimulie mwenyewe, kuliko uisikie kwa Anjelina, sababu yule anatia chumvi mpaka chakula kinakuwa kichungu.

Binti yangu Veronika alikuwa ameposwa na kijana mumoja karani wa gare, pale gari la moshi linasimama, anaitwa Bonifasi, wazazi wake ni watu wa Kibombo, kijana mutulivu, anavaa suruali ya pasi hata siku za kazi. Mali ya mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, padri alikuwa amekwisha kutangaza majina yao kanisani, ilibaki ndoa tu. Na kwetu, tangu siku mali inaingia nyumbani, mama wa binti na mukwe wake wanaogopana. Hawaangaliani uso, hawapeani mukono, hawakuli pamoja. Nikimuona anakuja njia moja, miye ninaingia majani (siku moja niliingia katika upupu, nilijikuna mpaka jioni, lakini heshima ni heshima). Na kumugusa, hiyo njo kubwa kupita zote, inaweza kuvunja bukwe, ule undugu wote wa ndoa. Nikiwa na neno la kumwambia, nilikuwa ninamutuma wifi yangu Sofia, njo kazi yake, na maneno yalikuwa yanafika bila kupunguka.

Sasa huyu Bonifasi alikuwa anaandika hadisi. Si habari za kweli, ni mambo ya ajabu, nyama wa pori wanaosema, milima inayotembea. Alituma hadisi moja ndefu kwa wazungu wenye mashine ya kuchapa vitabu, mbali sana, na kisha gazeti la misioni likafika kwetu Kindu limeandika kwamba kitabu kipya kitatoka, cha karani wa hapa kwetu, jina lake «Mulinzi wa Mulango wa Mayi». Jina tu. Ndani iko nini, hapana neno.

Masera, mutawa wa misioni, alitusomea ile habari katika masomo ya jioni ya wamama (miye nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wakubwa, sioni haya kusema). Tulipomaliza, mvua ilikuwa inanyesha, tukabaki chini ya baraza kungojea ikatike, na Anjelina akaanza.

«Mama Veronika, weye njo mama mukwe. Mayi ina mulango wapi?»

Mama mumoja ambaye bwana wake anafanya kazi Kalima akasema, «Kule kwetu iko. Wanafungua, mayi inakuja, inaosha muchanga wa madini, wanafunga. Na mulinzi iko, ana fimbo.»

«Mutu hawezi kuandika kitabu kizima juu ya mulinzi wa muchanga,» Anjelina akasema. «Acheni mwenyewe aseme. Ama wanamuficha? Mutu anaoza binti yake, hajui mukwe anaandika nini?»

Pale, rafiki, njo pale. Ningesema, «Sijui, nitamutuma Sofia amuulize.» Neno fupi, halina gharama. Lakini wote walikuwa wananiangalia, na miye katika darasa lile njo ninayesoma mbio kuliko wote, basi nikasema, «Ninajua.»

«Utuambie basi.»

Nikaangalia mvua kidogo. Kisha nikasema, «Mulinzi ni Mutakatifu Petro, ana ufunguo. Mulango wa mayi ni ubatizo. Mutu haingii mbinguni bila kupita katika mayi.»

Nakuambia kweli, nilipoisikia inatoka mudomoni mwangu niliiona nzuri sana, hata miye mwenyewe nikaamini. Mama wa Kalima akafanya alama ya musalaba. Anjelina akashusha sauti, na Anjelina kushusha sauti si kitu cha kila siku. Akasema pole pole, «Kumbe ni kijana wa Mungu.»

Ile maneno ikaenda. Ikafika sokoni, ikavuka mpaka mutaa wa Mikelenge, ikarudi ikiwa imenenepa, kwamba Bonifasi alioteshwa na Petro mwenyewe. Siku ya Mungu baada ya misa padri akanisimamisha. «Mama, nasikia mukwe wako ameandika juu ya ubatizo.»

«Ndiyo, padri.»

Akafurahi kabisa, sababu watu wakubwa wa katekisimu walikuwa karibu kubatizwa. Akasema, siku ya Mungu inayokuja, saa za magaribi, Bonifasi atatusomea kidogo katika uwanja wa misioni, hao wakatekumeni wakae mbele, na wamama wa chama cha Maria wavae nguo nyeupe. Sofia akanishika mukono njiani. «Wifi, nimuulize Bonifasi kama njo vile?»

«Usimusumbue,» nikamwambia. «Ana kazi.»

(Sofia akaniangalia vile mutu anaangalia sufuria yenye kutaka kumwagika.)

Bonifasi yeye aliambiwa tu kwamba padri anataka kusikia hadisi yake. Nasikia alifurahi mpaka hakulala vizuri.

Siku ikafika. Watu walikuwa wengi, hata mujomba wake Musafiri alitoka Kibombo na gari la moshi, muzee mwenye kushika desturi kabisa, yeye njo mukubwa wa bukwe upande wao. Na miye, sababu njo niliyejulisha watu maana ya kitabu, wakaniweka kiti cha mbele, kiti cha heshima, na meza ya kusomea iko karibu sana na magoti yangu. Ningekataa namna gani? Nikachukua kikwembe changu, nikajifunika kichwa na uso wote, nikageuka upande. Kwa chini niliona viatu vyangu tu na muguu wa meza.

Bonifasi akaanza kusoma. Sauti yake ni nzuri, ile siwezi kukataa.

«Chini ya maporomoko, mahali mayi inalia bila kupumuzika, alikaa bibi muzee, nyele zake ni nyoka za mayi.»

Nikafikiri, Petro atakuja nyuma.

«Hakuna mwanaume aliyeweza kumuangalia uso. Kijana akija kumuposa binti yake, bibi alikula kuku wa kijana, kisha alikula mbwa wake, kisha alimukula kijana mwenyewe, akapangusa mudomo, akaita mwingine.»

Padri akakohoa. Miye ndani ya kikwembe ninangojea ufunguo, ninangojea ubatizo, hata mulango sijausikia. Nyuma yangu Anjelina akasema, si kwa nguvu, lakini wote walisikia, «Petro leo amevaa kikwembe.»

Mutu mumoja akacheka. Mwingine akasema, «Ni mama mukwe huyo, hamumuoni?» Basi uwanja wote ukacheka, wakatekumeni nao, hata masera alikuwa anajifuta macho.

Nikafikiri nitoke taratibu, kama mutu aliyeitwa. Nikasimama na kikwembe usoni, sioni kitu, muguu wangu ukashika ule muguu wa meza, meza ikaenda, makaratasi yakaruka, miye nikatafuta kitu cha kushika nisianguke, na kitu nilichoshika kilikuwa shati. Tukaanguka wote wawili, miye juu. Kikwembe kikatoka. Nikafungua macho, uso wa mukwe wangu uko pale, pua kwa pua.

Akasema pole pole, «Jambo, mama.»

Kicheko kikakatika. Musafiri akasimama. «Imekwisha,» akasema. «Mukwe ameguswa. Mali yetu irudi.»

Padri akamwambia kanisa halina sheria ya namna ile. Musafiri akamujibu kwa heshima, «Padri, weye hauna mukwe.»

Nikamutafuta Veronika kwa macho. Alikuwa amesimama na wasichana wengine karibu na mulango wa kanisa. Hakulia. Aliniangalia tu, na ile iliniuma kuliko magoti.

Jioni ile miye na Sofia tukaenda mahali Musafiri alikuwa amefikia, na wamama kadhaa wakatufuata (Anjelina hawezi kukosa). Nikakaa nyuma ya Sofia. Sofia akasema kwamba desturi ina dawa, mutu akimugusa mukwe kwa bahati mbaya analeta kuku, wanaosha uso, inakwisha.

«Ile ni ya mutu aliyejikwaa njiani,» Musafiri akasema. «Huyu alikwenda mwenyewe kukaa mbele ya mukwe wake. Alitafuta nini pale?»

Jibu lilikuwa langu, si la Sofia. Nikaomba kimoyomoyo kwa Bikira Maria, nikatoka nyuma yake, nikasema mwenyewe.

«Baba, nilidanganya. Sikujua kitabu ni cha nini. Nilisema Petro sababu nilitaka wamama waniheshimu, na padri akaniamini, na wakaniweka kiti cha mbele, na niliona haya kukikataa. Bonifasi hana kosa. Binti yangu naye hana. Musimulipishe yeye ulimi wangu.»

Musafiri akaangalia chini. Akachora udongoni na fimbo. Mwisho akasema, «Basi kosa lilianza mudomoni. Mukono ulifuata tu. La mudomo tunaweza kuosha. Lakini si kwa kuku. Alete mbuzi.»

Nilikuwa na mbuzi jike, nilimuchunga kwa karamu ya ndoa. Wakamuchinja asubuhi yake, tukaoshwa uso, tukakula nyama miye na mukwe wangu katika sahani moja, watu wote wanaona, na tangu pale hatuogopani tena. (Siku ya ndoa yenyewe watu walikula sombe, majani ya muhogo, na samaki. Hakuna aliyeuliza nyama iko wapi.)

Nilipomaliza kutafuna, nikamugeukia. «Bonifasi, mwanangu, sasa naweza kukuuliza. Huyu mulinzi wa mulango wa mayi, maana yake nini?»

Akaweka mufupa chini. «Mama, hata miye sijui. Katika hadisi yangu hakuna mulango. Miye niliiita Bibi wa Maporomoko. Lile jina walilitia wenyewe kule kwa mashine. Nilipoliona katika gazeti nilifikiri ni kitabu cha mutu mwingine.»

Tangu siku ile, mutu akiniuliza jambo nisilolijua, ninasema sijui, hata darasani, hata mbele ya padri, na nimeahidi mbele ya Mungu nitasema vile mpaka ninazikwa. Nawe rafiki, nakuomba habari hii usiifungie kwako. Kama una jirani asiyejua kusoma, umusomee. Kama kuna mama anayeoza binti yake mwaka huu, umuambie amutume wifi akaulize mapema. Na jina langu unaweza kulitaja, sikatazi, lakini uwaambie vilevile kwamba mbuzi alikuwa mukubwa.