Samaki Aliyevaa Jezi ya Onesmo

Mtasema mvua ilinichanganya. Semeni. Nilikuwa sebuleni kwangu hapa Kasulu, nina akili zangu timamu, sijaonja tone la pombe, na haya niliyaona kwa macho yangu mawili.

Nafuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo. Rafiki yangu mvuvi wa Kigoma aliniletea mmoja wa jamii ya sato, mdogo, rangi ya majivu. Baada ya muda akageuka zambarau, akatoka ufito mweupe ubavu wa kushoto tu. Samaki hawa hubadilika rangi wakiogopa au wakitaka jike, hilo nalijua. Lakini ufito upande mmoja? Nikatuma picha kwenye kundi la wafugaji. Mmoja akasema chotara, mwingine akasema nimepigwa, huyo kapakwa rangi. Mvuvi mwenyewe akajibu hajawahi kumwona wa namna hiyo ziwani.

Mama, ninayeishi naye, hakuhitaji kundi. "Hiyo ni jezi ya Onesmo," alisema.

Onesmo ni mdogo wangu. Alizama ziwani amevaa jezi ya timu ya mtaa, zambarau, ufito mweupe begani kushoto, na mwili haukupatikana. Mama alikataa kuanua matanga. Kila jioni alimwekea sahani ya ugali na maharage, akaifunika. Alichotaka ni kujua tu mwanawe yuko wapi. Nikamwambia, mama, samaki ni samaki.

Basi alasiri moja ya mvua, mama yuko jikoni, mwanamke mmoja akabisha hodi. Alisema ametoka kijiji cha Mabamba, anaomba kujikinga mvua. Alikuwa amelowa chapachapa, ila sakafu alipokanyaga ilibaki kavu. Hilo nililikumbuka baadaye. Nikamkaribisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, sivyo?

Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akapiga magoti, akaanza kupiga makofi ya taratibu, ile salamu yetu Waha ya heshima.

"Mwiriwe, Onesmo," alisema, akimsalimia kwa Kiha. "Wenzako wa ziwani wamenituma nikujulie hali. Unabaki huku, au turudi wote?"

Jina alilitoa wapi? Samaki alitulia, kichwa kikimwelekea yeye. Sasa niaminini, Muha hawezi kuiacha salamu ianguke bila kuitikiwa; nimelelewa hivyo, kwa bakora. Mikono yangu ikapiga makofi yenyewe.

"Mwiriwe, mama. Nabaki huku," nikaitikia kwa niaba ya samaki.

Mwanamke akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Haya. Basi nitawaambia umebaki." Akatoka, akaingia mvuani.

Nilipotazama tangi, samaki alikuwa wa majivu tena. Mama akaja na sahani, akanikabidhi mkononi.

"Kula, Onesmo. Umechelewa sana, mwanangu."

Mama hajaugua. Anawajua majirani wote kwa majina, anajua shamba lipi linataka palizi. Ila mimi ananiita Onesmo, anacheka nami alivyokuwa akicheka naye, na nasema wazi, inaniuma. Kila jioni hufunika sahani nyingine pembeni, kisha huniuliza kaka yangu, yaani mimi mwenyewe, atarudi lini kutoka ziwani.

Nawe ukisikia makofi ya salamu, tazama kwanza anayesalimiwa ni nani. Kama si wewe, kunja mikono yako. Heri kuitwa huna adabu kuliko kufunikiwa sahani.