Timu Niliyoishusha hadi Nafasi ya Nne

Jino langu moja la mbele lilibaki Bwera, mpakani, kwenye vumbi nyuma ya goli, Jumamosi moja saa kumi na nusu jioni. Aliyelitoa simjui mpaka leo. Sababu yake naijua, maana niliiandika mwenyewe na kuisoma redioni siku moja kabla.

Kwa misimu mitatu nilikuwa nikisoma, kila Ijumaa jioni, orodha ya timu kumi bora za mpira za vyuo vya wilaya yetu: vyuo vya ualimu, vya ufundi, vya uuguzi, vya kilimo. Redio yenyewe ilikuwa chumba na nusu juu ya duka la mabati mjini Kasese. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, nikapewa mimi kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, mama yangu Mkonzo wa Munkunyu, na kambini watoto wa kila kabila tulitukanana na kupatanishwa kwa lugha hiyo moja. Mpira nao niliujulia huko, kwenye uwanja wa gwaride. Refa wetu alikuwa sajini mwenye kiboko. Ukimpiga mwenzako teke, alisimamisha mchezo. "Lala chini. Vitatu. Simama. Endelea." Tulicheza na matako yanawaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Timu nilizipanga kwa daftari. Pointi peke yake hazikutosha, kwa sababu vyuo havikucheza mechi sawa. Moja ilikuta mvua, nyingine mitihani. Kwa hiyo nilijiuliza kila timu imemfunga nani, wapi, na imechezaje. Ushindi uliopatikana Kilembe, kwa mfano, niliupa uzito. Uwanja wa kule uko ukingoni mwa mto Nyamwamba, na tangu mafuriko nusu yake ni changarawe. Anayeanguka pale huinuka bila ngozi ya goti. Mechi ambazo sikuzifikia nilisimuliwa na mwamuzi mmoja wa Nyakalengija, mtu mfupi aliyebeba mizigo ya wapanda mlima siku za kazi na kupuliza filimbi Jumamosi. Huyo hakuwahi kunidanganya.

Vyuo viwili vya hadithi hii sitavitaja. Nitawaita Weupe, waliokuwa wa mjini, na Kijani, waliokuwa wa upande wa mpaka, kwa rangi za jezi zao. Msimu huo Weupe hawakuwa wamefungwa na mtu. Walicheza kwa nguvu, viwiko na mabega, lakini mpira waliujua. Niliwaweka wa kwanza wiki tano mfululizo.

Ijumaa ya wiki ya sita, mkuu wa kituo akaja mezani kwangu na kikombe chake cha chai.

"Orodha yako imelala," akasema. "Wiki tano timu ile ile juu. Nani atapiga simu?"

"Ndiyo timu bora."

"Kesho wanacheza na Kijani kwao Bwera. Waweke hao juu, Weupe uwashushe. Watu waamke."

Ningependa kuandika kwamba nilibisha. Sikubisha. Nilichukua karatasi mpya, nikawaweka Kijani wa kwanza na Weupe wa nne, nyuma ya timu waliyokuwa wameifunga mabao manne. Na kwa kuwa orodha ya namna hiyo ilihitaji sababu, nikatunga sababu nikiwa tayari hewani. Nilisema Weupe hawachezi mpira, wanachinja. Nikasema nahodha wao, beki wa kati, angefaa zaidi machinjioni kuliko darasani. Nilisikia utamu wa sentensi hiyo ikitoka mdomoni, nikairudia.

Simu hazikunyamaza. Mkuu alinionyesha kidole gumba kupitia kioo.

Nilipotoka studio nilimkuta kijana mrefu ameketi kwenye benchi la wageni, shati la chuo limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alisimama.

"Madamu, mimi ni yule wa machinjioni."

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Nimekuja kuuliza tu. Nimemvunja nani?"

"Hakuna."

"Nina kadi nyekundu?"

"Huna. Ni uchambuzi. Ni maoni yangu."

"Mama yangu anauza samaki sokoni. Redio yake huwa wazi siku nzima. Wateja walikuwa pale, wakamcheka." Hakupandisha sauti. "Ulituona tukicheza na nani, mpaka ukasema vile?"

Daftari lilikuwa chini ya mkono wangu, na ndani yake, kwa mwandiko wangu, Weupe walikuwa wa kwanza. Nikamjibu kwamba mchambuzi halazimiki kueleza kila kitu.

"Sawa," akasema. "Kesho nitacheza vile ulivyosema."

Jumamosi nilifika Bwera mapema. Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu mpaka mstarini: wanafunzi, madereva wa bodaboda, wafanyabiashara wa Kongo waliovuka kwa ajili ya soko, askari wachache na wake zao. Malori mawili ya mashabiki wa Weupe yaliingia yakiwa na vioo vilivyopasuka. Walikuwa wamepigwa mawe njiani, nao hawakuja mikono mitupu. Wenyeji walikuwa wameandika neno MACHINJIONI kwenye shuka la kitanda. Kila mara nahodha wa Weupe alipogusa mpira, uwanja mzima ulimpigia kelele, "Chinja, chinja," wakikatakata hewa kwa viganja.

Dakika ya kumi na mbili, winga wa Kijani alimpita mtu wa kwanza, akamkabili nahodha. Mpira ulishaondoka. Nahodha hakuutazama. Alikuja kwa miguu miwili, njumu mbele, na mguu wa yule winga ukavunjika chini ya goti. Nilikuwa hatua kumi tu. Ulilia kama kuni kavu. Kwanza kijana hakupiga kelele. Alitazama mguu wake ulivyogeukia upande usio wake, kisha ndipo akapiga kelele.

Mwamuzi alikuwa yule yule wa Nyakalengija. Alitoa kadi nyekundu. Nahodha alikuwa ameshaanza kutoka uwanjani kabla haijainuliwa, na alipokuwa akitoka alinitafuta kwa macho, akaniona.

Hakufika mstarini. Watu waliingia kutoka pande zote, mtu mmoja aling'oa mti wa kibendera cha kona, akampiga nahodha nao usoni. Akaanguka. Mwamuzi alijilaza juu yake, mgongo wake ule wa mizigo ukapokea mateke, mpaka wakamvuta kwa miguu na kumtupa kando. Upande wa pili mashabiki wa Weupe walikuwa wanarusha mawe waliyokuja nayo kwenye malori. Niliona mwanamke akikimbia na damu ikimtoka sikioni, ndoo yake ya mandazi bado kichwani.

Mimi nilikimbilia kule kwenye mti wa kibendera. Sidai ushujaa, miguu ilikwenda. Nikapiga kelele kwa sauti ya kambini, sauti ya baba: "Rudi nyuma! Toka! Mwache!" Wachache wakarudi nyuma kweli, wakidhani ni afande. Lakini sauti hiyo ilikuwa inajulikana wilaya nzima.

"Ndiye yule wa redio," mtu akasema nyuma yangu. "Ndiye alisema."

Sijui alikuwa wa Weupe au wa Kijani. Jiwe la kwanza lilinipata begani, la pili mdomoni. Nikatema kitu kigumu. Polisi wakaanza kupiga risasi hewani, moshi wa mabomu ya machozi ukatanda, na kila mtu akakimbia akimkanyaga mwenzake. Nami nikakimbia, na nyuma yangu nikasikia vijana wakiulizana nimepita wapi.

Mkono ulinivuta kwenye kibanda cha mbao pembeni mwa soko. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, rozari shingoni, vitenge vimepangwa mpaka darini. "Ingia, mama. Lala huko chini, usiseme kitu." Akanifunika kitenge, akakaa mbele yangu kwenye kigoda.

Vijana wakafika. Niliona miguu yao na fimbo zao kupitia upenyo wa mbao.

"Mama, ile mwanamke ya redio imepita hapa?"

"Hapa iko bitenge na mutu mugonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Iko natapika damu. Kuyeni muone."

Akawaita kwa mkono, akainua pembe ya kitenge. Wakaona mdomo wangu, damu imeshuka mpaka kifuani. Mpakani pale kila mtu amenawishwa mikono na kupimwa joto mara nyingi. Wanajua ugonjwa wa kutapika damu ni upi, na kwamba humwua hata anayemgusa mgonjwa. Walirudi kinyumenyume, kisha wakatoka mbio. Yule mama akanipa maji ya kusukutua. Hakuniuliza nilifanya nini. Mimi ndiye niliyemwambia, nikiwa bado sakafuni, neno kwa neno. Akasikiliza, akakunja kile kitenge chenye damu, akasema, "Unasema bibaya juu ya mutoto ya mutu, na unajua haiko kweli?"

Nahodha alipoteza jicho la kushoto. Winga aliwekewa vyuma mguuni. Hospitali ilikuwa imejaa, kwa hiyo waliwalaza wodi moja, vitanda viwili katikati yao. Nilikwenda Jumatano na daftari langu. Nilimwonyesha nahodha ukurasa. Alichukua muda mrefu kuusoma kwa jicho lililobaki.

"Kwa hiyo tulikuwa wa kwanza."

"Ndiyo."

"Na ulijua nilipokuja pale redioni."

"Nilijua."

Winga akauliza kutoka kitanda chake, "Na sisi?"

"Wa tatu."

Alitazama mguu wake uliotundikwa. "Wa tatu," akasema.

Nahodha alinirudishia daftari. "Mimi pia nilijua nafanya nini," akasema. "Mguu ule ni kosa langu. Lakini hili lako ukalisome hewani."

Ijumaa nililisoma. Nilisoma orodha ya kweli ya wiki ya sita, nikasema nani aliniambia niibadilishe na kwamba nilikubali, nikasema lile neno la machinjioni nililitunga. Nilikuwa sijamaliza mkuu alipoingia. Alinishika nywele kwa nyuma, akanivuta kutoka kwenye kiti, kipaza sauti kikaanguka nami. Fundi mitambo akaweka muziki. Nilishuka ngazi zile kwa mara ya mwisho nikiwa na kiatu kimoja.

Kesho yake nilikwenda soko la samaki kumwona mama wa nahodha. Nilimwambia mimi ni nani. Alinawa mikono kwanza, akaikausha, kisha akanipiga kofi lililonirudishia maumivu yote ya fizi. Wauzaji wenzake walisimama. Aliwaambia waketi, akaendelea kupaa samaki. Niliondoka.

Msimu ulifutwa. Siku hizi nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na mpira nautazama bila daftari. Nahodha alimaliza ualimu. Anafundisha shule ya msingi karibu na kwa mama yangu, Munkunyu. Hatujawa marafiki. Mwaka jana nilipita pale akiwachezesha watoto, filimbi mdomoni. Mpira ulipokwenda upande wa kushoto ilimbidi ageuze kichwa chote. Watoto wawili walishikana mashati, yeye hakuwaona. Walipigana mpaka mmoja akatokwa na damu puani, ndipo akasikia kelele, akakimbia kuwaachanisha.