Ua Jekundu Kwenye Koti la Kaka

Koti la kaka yangu lilining'inia nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Ixelles, huku ughaibuni, na kila mgeni aliyeingia alidhani tuna mwanamume ndani. Hatukuwa naye. Mama alilinunua wakati wa soldes, maduka ya Chaussée d'Ixelles yalipopunguza bei. Koti zito, la mikono mirefu, kwa sababu kaka alikuwa mrefu. "Atakuja na baridi itamukuta," alisema. Wakati huo kaka alikuwa amekwisha kufa vitani, kule kwetu karibu na Uvira. Sote tulijua isipokuwa Mama. Au niseme alijua, akakataa.

Kaka alikuwa mwalimu. Vita vilipoingia aliacha chaki akashika bunduki. Mwenzake aliyenusurika alimfuata wifi yangu, mke wa kaka, kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, akamwambia kwamba alimwona akianguka na kwamba wao walikimbia wakamwacha palepale. Hakuna aliyerudi kuchukua maiti. Wifi alilia usiku kucha, kisha akanyamaza akasubiri, maana katika ukoo wetu msiba wa mtoto hautangazwi juu ya kichwa cha mama yake. Mama aanze. Ndipo watu wakae chini, wanawake wavue vitambaa vya kichwa, kilio kiende siku zake, na kikiisha mjane aachiwe aendelee na maisha. Mama hakuanza.

"Weye uliona maiti?" aliniuliza kila nilipojaribu. "Mimi sikuona. Bon. Donc kilio ya nani?"

Mimi si mtu wa subira. Wifi alikuwa akinipigia simu huku analia. "Wifi, mimi ni mke wa mtu au ni mjane? Watoto wananiuliza baba anarudi lini. Niwajibu nini?" Nikikata simu namkuta Mama anapiga brashi lile koti. Jamani! Kuna siku nilitamani kulirusha dirishani likanyeshewe huko chini na mabasi yalikanyage. Nilimpenda sana kaka yangu na sikuwa na mahali pa kumlilia. Nililia bafuni, bomba likiwa wazi ili Mama asisikie.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Novemba ile nilikuwa na bikizee mmoja Mwingereza, anakaa karibu na Porte de Namur, miguu imekwisha ila ulimi mzima kabisa. Asubuhi moja alinibandika kifuani ua jekundu la karatasi, ua la mpopi, akanieleza kwamba kwao huvaliwa mwezi huo kuwakumbuka waliokufa vitani. Kuanzia hapo nikayaona: kifuani mwa mzee mmoja kwenye metro, kwa mama mmoja aliyepanga foleni ya mkate. Nikarudi nalo nyumbani.

Mama alinitazama kifua. "Hii ni ya nini?"

"Ni ya watu waliokufa ku vita, Mama."

"Na bale benye kuivaa, banaenda nayo wapi?"

"Kazini. Dukani. Popote."

Alicheka kicheko kibaya. "Aa, bazungu! Muntu amekufa, weye unamubeba ku kifua unaenda kununua viatu? Kilio ni kukaa chini." Akalichomoa lile ua, akaliweka mezani kando ya chumvi.

Hasira zikanipanda. "Afadhali wao wana ua," nikamwambia. "Sisi tuna koti." Usiku ule Mama hakula.

Tarehe kumi na moja, siku yenyewe ya kuwakumbuka, bikizee alitaka nimpeleke kwenye kaburi la askari asiyejulikana, pale chini ya mnara mkubwa wa rue Royale. Kusukuma kiti cha magurudumu, kushika mwavuli na kubeba mkoba ni kazi ya watu wawili, nikamwomba Mama anisindikize. Alikubali kwa kumhurumia mzee mwenzake. Tulipokuwa tukimvalisha bikizee viatu, Mama aliniambia nimuulize alifiwa na nani.

Alikuwa baba yake mdogo, ndugu ya baba, kijana. Alikwenda vitani na hakuonekana tena, wala mfupa.

"Na mama ya ule kijana, alikaa kilio?"

Nikatafsiri. Bikizee alitikisa kichwa. Alisema bibi yake aliendelea kumwekea kijana sahani mezani mpaka siku alipokufa mwenyewe, na wao watoto walikatazwa kukikalia kiti chake. Kijana alikuwa na mchumba. Yule binti alizeeka akimngoja, maana hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Niliyatafsiri yote, neno kwa neno, sikupunguza kitu.

Mama alimaliza kumfunga bikizee kamba za viatu. Kisha akasema, "Tupite kwanza ku nyumba."

Alipanda peke yake, nasi tukamngoja mlangoni. Alishuka na koti la kaka mkononi. Nilidhani amesikia baridi, mpaka nilipoona lile ua jekundu amelichomeka kwenye ukosi.

Kule kulikuwa na tarumbeta, hotuba, mashada ya maua, watu wazito wenye nishani. Yalipokwisha walitawanyika haraka, kwani mvua ilikuwa imeanza. Tukasogea karibu na ule moto wao usiozimwa.

"Humu kuko nani?" Mama aliuliza.

"Askari mmoja. Walimwokota vitani, jina lake hawakulijua."

"Na kwabo hawakumujua?"

"Hawakumjua."

"Mama yake je?"

"Naye alikufa bila kujua, Mama."

Alilitazama jiwe. Halafu akatandaza koti chini kando yake, akainyoosha mikono yake vizuri, mmoja huku na mwingine huku, ua likatazama juu. Akavua kitambaa cha kichwa. Sikuwa nimeona nywele zake nje ya nyumba tangu tulipomzika baba. Akakaa kwenye sakafu iliyolowa, miguu ameinyoosha, kama wakaavyo wanawake wa kwetu msibani, na akaliita jina la kaka kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya barabara.

Nilifunga breki za kiti cha bikizee, nikavua kitambaa changu, nikakaa kando ya Mama. Nililia mpaka kifua kikauma.

Polisi kijana alikuja, mpole, akainama kwangu. Alisema kwa Kifaransa kwamba hapa hairuhusiwi kukaa wala kuweka nguo. Kisha akauliza, "Huyu mama ni nani?"

"Ni mama yake," nikamjibu.

"Mama wa nani?"

Nikamwonyesha kaburi.

Alilitazama jiwe, akamtazama Mama. Mwishowe alitugeuzia mgongo, akasimama pale kuwazuia waliotaka kutupiga picha.

Nikatoa simu nikampigia wifi. Alipokea mara moja. Nikamwachia kwanza asikilize sauti ya Mama.

"Wifi," nikamwambia, "kaa chini. Mama amekaa."