Zamu Yangu ya Banjo

Katika bluegrass, muziki wa milimani wa Marekani, wapigaji husimama wakizunguka maikrofoni moja. Zamu yako ikifika unasogea mbele, unapiga peke yako, kisha unarudi nyuma. Mimi nilijua kurudi nyuma vizuri sana.

Banjo nilijifunza kwa video za simu, kitandani katika mtaa wa Discovery Gardens huku Uarabuni, nimeishindilia soksi kwa ndani ili wenzangu wa chumba wasinifukuze. Muda wote huo sikuwahi kupiga zamu yangu mbele ya bendi. Kila mazoezi nilisema, "Bado haijakaa sawa." Ukweli ni kwamba niliogopa mpaka vidole vikatoa jasho.

Tulikuwa wanne. Mkenya, dereva wa hoteli, alipiga gita na kuimba. Kwao muziki wa kantri ulifunguliwa redioni Jumapili asubuhi kabla ya chai. Mganda, mlinzi wa maduka, alipiga besi kubwa kuliko yeye. Na yule tuliyemwita Mama, Mzanzibari mwenye ofisi ya kago, ya kusafirisha mizigo, mtaani Deira, alipiga fidla aliyojifunza katika kikundi cha taarab ujanani. Mazoezi tulifanyia ofisini kwake, katikati ya maboksi. Yeye alipiga amekaa.

"Sisi taarab hatusimami," alisema. "Maikrofoni na ishuke."

Ikashuka. Sisi wengine tukawa tunapiga tumeinama, kama watu waliodondosha funguo.

Kisha hoteli moja ya Al Garhoud ikakubali kutujaribu mchana wa Ijumaa. Tukiwapendeza, Ijumaa zote ni zetu. Mkenya akanivuta pembeni.

"Buda, kuna Mfilipino anapiga mandolini. Usipochukua zamu yako siku hiyo, wiki inayofuata anasimama hapo yeye. Sina ubaya na wewe."

Wiki hiyo nilikipiga kipande changu mpaka jamaa wa kitanda cha juu akawa anakipigia mluzi huku akipiga mswaki.

Ijumaa ikafika. Mama alikuwa amealika mashoga zake, wakajaa meza ya mbele na mabaibui yao na juisi za parachichi. Meneja, tuliyemwita sir kama mabosi wote, alisimama mlangoni amekunja mikono. Zamu yangu ikaja. Mkenya akanikonyeza. Nikasogea.

Nilianza vizuri. Kisha nikaurudia mstari wa tatu. Wenzangu wakasonga mbele, mimi nikabaki, ikasikika kama watu wanaopandisha godoro kwenye ngazi na kila mmoja anavuta upande wake. Cha aibu ni kwamba niliwakasirikia wao. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba yule mwalimu wa kwenye simu aliurudia mstari ule kwa sababu ni mgumu, ili wanafunzi wauone vizuri. Maelezo yake nilikuwa nayaruka, Kiingereza chake kilitokea puani. Nilifuata vidole tu. Nikakariri somo zima, pamoja na marudio.

Mama hakushtuka. Katika taarab mwimbaji akirudia mstari, wapigaji wanamfuata, ndiyo kazi yao. Akageuza upinde, akamkazia Mganda jicho, na bendi nzima ikanirudia pale nilipokwama. Mashoga zake waliposikia marudio wakaelewa jambo moja tu: wakati wa kutunza umefika. Wa kwanza akainuka, akaja akicheza taratibu, noti ameiinua juu, akanichomekea mfukoni. Wa pili naye akawa njiani.

Nikataka kurudi nyuma.

"Usitoke!" Mama akafoka bila kuacha kupiga. "Watu wanatunza, mwanangu, unawaacha na nani?"

Basi nikaurudia mstari. Akaja mwingine, nikaurudia tena. Mimi ninayefuta ujumbe wa simu kwa sababu ya koma, nikasimama mbele ya ukumbi mzima nikirudia kosa moja, na kila nikilirudia mtu ananilipa.

Sir akamjia Mkenya mbio. "Hao madam wanalalamikia nini?"

"Hawalalamiki, sir. Ni staili ya kwetu."

Sir akageuka. Wageni wa meza za nyuma walikuwa wamesimama, wanapiga makofi nje kabisa ya mdundo. Akafikiri kidogo.

"Yalla, Ijumaa ijayo mje tena," akasema. "Na hao madam waje."

Kwenye maegesho Mkenya alimpigia simu Mfilipino, akamwambia khalas, nafasi imejaa. Kisha akanigeukia.

"Lakini kuna sharti. Kuanzia leo mazoezini unapiga zamu yako. Iwe mbovu, iwe nini."

"Inshallah," nikajibu.

"Inshallah ya kweli," Mama akauliza, "au ile ya fundi wa kiyoyozi?"

Walicheka mpaka Mganda akalazimika kuiegemeza besi kwenye gari la mtu. Mimi sikucheka. Nikafungua kasha palepale, nikatoa banjo, nikaanza. Mganda akasema kwa mazoea ya kazi, "Brother, hapa hairuhusiwi," kisha akanishikia kasha. Nilikosea kabla hata ya kufika mstari wa tatu. Hakuna aliyenitunza. Nikaendelea mpaka mwisho.